Kueleza spishi mpya ya buibui kutoka kisiwani: mwongozo kamili kuanzia kichupa cha ethanoli hadi jina linalokubalika

Rasimu za spishi mpya za buibui kutoka Pemba, Unguja, Mafia na Ngazija zinaendelea kurudishwa na wahariri, na kasoro karibu kila mara ni ileile. Mwandishi amemwelezea buibui wake kwa urefu, rangi na vipimo, lakini hajaonyesha kwa nini huyo si buibui mwingine aliyekwisha kupewa jina. Kueleza spishi ni kazi ya kulinganisha tangu mwanzo hadi mwisho, na kila hatua iliyo hapa chini imepangwa kwa ajili ya ulinganishaji huo.

Mfano unaotumika ni wa Pemba, hasa Msitu wa Ngezi. Pemba imetenganishwa na bara na mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, ilhali Unguja iliungana na bara katika zama za barafu, bahari ilipopungua. Kwa hiyo anayedai kwamba buibui wa Jozani, msitu wa Unguja, hapatikani kwingine popote ana wajibu mkubwa zaidi wa kuchunguza kwanza misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya.

## Vitu vya kuandaa

Kwa msituni: vichupa vyenye vifuniko visivyovuja, ethanoli ya asilimia 75 hadi 80 kwa uchunguzi wa maumbile, ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa vielelezo vya DNA, chekeche la majani makavu, shuka jeupe la kukingia chini ya matawi yanapopigwa, tochi ya kichwani, kibano laini, kifaa cha GPS, na kamera ya kupiga picha za karibu.

Kwa mezani: hadubini ya stereo yenye uwezo wa kukuza angalau mara 80, hadubini ya kawaida ya kupitisha mwanga kwa viungo vidogo vya ndani, visahani vya kioo, mchanga mweupe uliooshwa wa kumshikiza buibui katika mkao unaotakiwa, sindano nyembamba sana, asidi laktiki au mafuta ya karafuu, na mistari ya vipimo ndani ya lenzi iliyosahihishwa.

Kwa kusoma: akaunti ya bure katika World Spider Catalog, orodha inayotunzwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya Bern nchini Uswisi. Orodha hiyo ilivuka spishi 50,000 mwaka 2022, na humpa mtumiaji aliyejisajili nakala za maandiko ya asili. Bila akaunti hiyo, usianze.

## Hatua ya 1: Pata vibali vinavyotaja kazi yote

Kibali cha kuingia msituni si kibali cha kukusanya, na kibali cha kukusanya si ruhusa ya kupeleka vielelezo nje ya nchi. Tanzania Bara, utafiti hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina utaratibu wake chini ya SMZ pamoja na mamlaka za misitu, kwa hiyo usifike Ngezi na karatasi ya Bara pekee. Omba kibali kitaje waziwazi uchukuaji wa DNA, kwa kuwa Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za vinasaba, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu pia matumizi ya vinasaba.

Andika namba za vibali katika daftari lako sasa, kwa sababu wahariri huzitaka katika sehemu ya shukrani au ya mbinu, na kuzitafuta baada ya miaka mitatu ni taabu.

## Hatua ya 2: Kusanya wakomavu, madume na majike

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapofia kabla hazijaandikwa. Spishi za buibui hutenganishwa hasa kwa viungo vya uzazi, na viungo hivyo hukamilika buibui anapojivua gamba kwa mara ya mwisho tu. Buibui mchanga, hata akiwa na rangi zisizowahi kuonekana, hawezi kuwa msingi wa spishi mpya inayotetewa.

Dume mkomavu hutambulika kwa palpi, yale mapapasio mawili ya mbele, ambayo ncha zake zimevimba na kuonyesha sehemu ngumu zilizojikunja. Ncha iliyovimba lakini laini ni ya dume aliyebakiza kujivua gamba mara moja. Mweke hai katika chupa yenye unyevu kidogo, mlishe nzi wadogo, naye mara nyingi atakomaa mikononi mwako. Jike mkomavu katika familia nyingi ana epijini, kibamba kigumu chenye rangi ya kukoza kilicho chini ya tumbo, mbele ya mfereji wa uzazi. Familia nyingine, kama Oonopidae, buibui wadogo wa majani makavu wenye milimita moja hadi tatu, hazina kibamba hicho, na kwao ni lazima kutazama viungo vya ndani.

Tumia njia zaidi ya moja: chekecha majani makavu, piga matawi, tafuta usiku kwa tochi ambayo mwanga wake hurudishwa na macho ya buibui mbwamwitu, na chimbia mitego ya vikombe. Katika vikombe tia propilini glikoli, wala si ethilini glikoli ya rejeta za magari, ambayo ni sumu kwa wanyama watakaoinywa.

Umefaulu ukiwa na madume na majike kadhaa kutoka eneo moja. Dume mmoja mwenye palpi zilizo kamili anaweza kutosha iwapo tofauti zake ni za wazi sana, ila utetezi wake utakuwa mgumu, kwa sababu hutaweza kuonyesha ni kwa kiasi gani spishi hiyo inabadilika ndani yake yenyewe.

## Hatua ya 3: Andika lebo papo hapo

Kielelezo kisicho na lebo hakina thamani ya kisayansi. Lebo iingie ndani ya kichupa, si kubandikwa nje, na iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka katika ethanoli. Wino wa kalamu ya kawaida hupotea kabisa. Iwe na nchi, kisiwa, msitu, majira-nukta (latitudo na longitudo) katika desimali yenye tarakimu nne, mwinuko, aina ya uoto, njia ya kukusanya, tarehe na jina la mkusanyaji.

Piga picha ya buibui akiwa hai kabla ya kumtia katika ethanoli. Kijani, manjano na nyekundu hufifia upesi, na rangi utakayoiona baada ya mwezi siyo aliyokuwa nayo juu ya jani.

## Hatua ya 4: Ondoa wasafiri

Kabla hujafurahi, hakikisha hukukusanya buibui waliosambazwa na binadamu katika nchi za joto. Wanne husumbua zaidi visiwani: *Heteropoda venatoria*, yule mkubwa bapa wa kuta za nyumba na maghala, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1767, pamoja na buibui warukaji *Plexippus paykulli*, *Menemerus bivittatus* na *Hasarius adansoni*. Wote hupenda majengo, bandari na mashamba.

Kielelezo kutoka ukuta wa nyumba ya wageni kishukiwe zaidi kuliko kilichotoka ndani ya msitu wa asili. Hili halimaanishi kwamba nyumbani hapana spishi mpya, bali kwamba mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi.

## Hatua ya 5: Fika kwenye jenasi

Anza na familia kwa kutazama mpangilio wa macho, idadi ya kucha za miguu, umbo la vitoa-nyuzi na meno ya kelisera, yaani zile taya za mbele. Kisha tumia funguo za utambuzi za Afrika na za visiwa jirani. Shelisheli imechunguzwa kwa kina, hasa na Michael Saaristo, na Madagaska ina maandiko mengi tangu kazi ya Auguste Vinson ya mwaka 1863 kuhusu buibui wa Réunion, Mauritius na Madagaska.

Ukishindwa kuamua jenasi, simama na umwandikie mtaalamu wa familia hiyo, ukimpelekea picha za palpi na epijini badala ya picha ya mgongo. Spishi ikiwekwa katika jenasi isiyo yake, ulinganishaji wote unaofuata utakuwa umefanywa na ndugu wasio wake.

## Hatua ya 6: Andaa viungo vya uzazi

Kwa dume, ng'oa palpi ya kushoto kwa kibano, kwa kuwa ndiyo inayochorwa kwa desturi. Ikiwa imevunjika, tumia ya kulia, geuza picha, na useme hivyo katika maelezo ya picha. Itazame kwa chini, kwa upande wa nje na kwa upande wa ndani. Chunguza hasa embolasi, sindano inayopitisha mbegu, na apofisi ya tibia, mwiba ulio upande wa nje wa kiungo kilicho nyuma ya ncha ya palpi. Sehemu hizi mbili hubeba tofauti nyingi kuliko mwili wote uliobaki.

Kwa jike, chora au piga picha ya epijini kwanza ikiwa bado mahali pake. Kisha ikate kwa kuizunguka, iondolee nyama kwa sindano, na uifanye iangaze. Asidi laktiki ni rahisi zaidi, kwa kuwa inapokea kiungo moja kwa moja kutoka katika ethanoli ya kawaida. Mafuta ya karafuu, ambayo msomaji wa Pemba hana haja ya kuyaagiza mbali, hutoa picha safi sana, ila kiungo kipitishwe kwanza katika ethanoli kali ili maji yatoke, la sivyo mafuta yatafanya ukungu. Nyama ikikataa kutoka, potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 huila, lakini huunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani, na usiache kiungo humo bila kukitazama.

Umefaulu pale unapoziona spematheka, vifuko vya kuhifadhia mbegu, pamoja na njia zinazoingia humo, na unaweza kuifuata kila njia kutoka tundu la nje hadi mwisho. Ikiwa njia inapotea katikati, bado hujasafisha vya kutosha.

Rudisha kila kiungo katika kichupa kidogo kinachokaa ndani ya kichupa cha kielelezo chake. Epijini iliyopotea humfanya jike yule asitumike tena na mtafiti atakayekufuata.

## Hatua ya 7: Linganisha na spishi zote zinazowezekana

Tenga muda mwingi zaidi hapa kuliko kwingine kokote.

Chukua orodha ya spishi zote za jenasi hiyo katika World Spider Catalog. Weka alama kwa zote za Afrika Mashariki, Komoro, Madagaska na Shelisheli, kisha ongeza zile zenye mtawanyiko mpana. Soma andiko la kwanza la kila moja, hata likiwa la Kijerumani au Kifaransa. Maandiko ya karne ya 19 mara nyingi yana aya moja ya rangi na hayana mchoro wa palpi, na hapo ndipo hatari ilipo: buibui wako anaweza kuwa yuleyule aliyepewa jina kutoka Zanzibar au Mombasa wakati huo, na hakuna aliyemchora tangu siku hiyo.

Dawa yake ni kielelezo cha asili chenyewe: holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, au kikundi cha vielelezo kilichotumika kuunda jina. Vielelezo vya buibui wa Afrika Mashariki vimetawanyika katika makumbusho ya Berlin, London, Paris, Vienna, Tervuren na kwingineko. Waandikie watunzaji barua fupi inayotaja jina la spishi, mwandishi, mwaka, na pembe za picha unazozihitaji. Makumbusho mengi hayatumi holotaipu kwa mtu binafsi, lakini hupiga picha au hukopesha kupitia taasisi, kwa hiyo jiunge na chuo kikuu au makumbusho ya hapa kabla ya kuomba.

Kumbuka pia kwamba dume na jike wa spishi moja wamewahi kupewa majina mawili mara nyingi. Spishi inayojulikana kwa jike tu huenda ikawa ndiyo ya dume wako. Usiiruke kwa kisingizio kwamba jinsia hazilinganishiki. Zipime kwa ukubwa, umbo la kelisera, miiba ya miguu, na mahali ilipopatikana.

Umefaulu ukiwa na jedwali lenye mstari kwa kila spishi jirani, na katika kila mstari kuna angalau tofauti moja ya viungo vya uzazi unayoweza kumwonyesha mtu kwa kidole. Mstari mmoja ukibaki mtupu, hujamaliza.

## Hatua ya 8: DNA, kama unaweza

Chukua mguu mmoja, kwa kawaida wa kulia wa tatu, kutoka katika kielelezo kilichohifadhiwa kwenye ethanoli kali na kwenye baridi. Kipande cha jeni la COI chenye jozi 658 za besi ndicho hutumiwa zaidi, nacho husaidia hasa kuoanisha dume na jike. Lakini tofauti ya COI peke yake haitoshi kutangaza spishi: kundi lililotengwa kisiwani linaweza kutofautiana na la bara katika jeni hilo bila kuwa spishi nyingine. Kama maabara haipatikani, endelea, kwani spishi zinaendelea kuelezwa kihalali kwa maumbile pekee.

Jike na dume waliopatikana chini ya gogo moja bado hawajathibitishwa kuwa jozi. Bila DNA, na bila kuwaona wakijamiiana, ni salama kumfanya dume holotaipu na kumweka jike kando.

## Hatua ya 9: Vipimo na picha

Pima kwa milimita zenye desimali mbili: urefu wa mwili, urefu na upana wa karapasi (gamba gumu la sehemu ya mbele), na kila kiungo cha kila mguu. Tegemea karapasi katika ulinganisho, kwa kuwa tumbo hunenepa kwa chakula na mayai. Kwa vielelezo vya ziada toa kiwango cha chini, cha juu na idadi ya waliopimwa.

Picha za tabaka nyingi zilizounganishwa kwa programu ni nzuri, lakini chora pia palpi kwa mkono. Kamera hunasa kila kitu kwa usawa, ilhali mchoraji hulazimika kuamua mstari huu ni wa embolasi au ni kivuli. Kila picha iwe na mstari wa kipimo, na pembe ziwe zilezile zilizotumika kwa spishi jirani.

## Hatua ya 10: Andika ubainishaji kabla ya maelezo

Wengi huandika kurasa za maelezo kwanza, kisha hubandika mistari miwili ya ubainishaji. Geuza mpangilio huo. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai maneno yanayotaja sifa zinazotofautisha spishi, na mhariri husoma sehemu hiyo kabla ya nyingine.

Ubainishaji dhaifu husema: «Spishi hii inatofautiana na nyingine kwa umbo la palpi na rangi ya tumbo.» Sentensi hiyo haimwambii msomaji lolote. Ulio imara huwa hivi (tegulamu ni kibamba kigumu cha ncha ya palpi): «Dume anafanana na wa spishi A kwa apofisi ya tibia yenye ncha mbili, lakini anatofautiana naye kwa embolasi fupi isiyofika nusu ya tegulamu (katika A inaizunguka tegulamu yote), na kwa ncha ya chini ya apofisi iliyo ndefu kuliko ya juu (katika A ncha zinalingana).» Kila dai liwe na namba ya picha, na upande wa spishi jirani utajwe daima.

Mpe rafiki asiyekuwa katika utafiti wako vichupa viwili visivyo na majina pamoja na ubainishaji huo. Akiweza kuvitenganisha bila kukuuliza swali, umefaulu.

## Hatua ya 11: Jina

Jina liandikwe kwa herufi za Kilatini, wala lisiwe limekwisha kutumika katika jenasi hiyo. Neno la Kiswahili au jina la mahali linaruhusiwa, na kwa visiwa vyetu ningependa kuyaona mengi zaidi. Nomino, kama *ngezi*, haibadiliki. Kivumishi hufuata jinsia ya jenasi: *venatoria* inaishia hivyo kwa sababu *Heteropoda* ni ya kike, na *bivittatus* kwa sababu *Menemerus* ni ya kiume. Majina ya mahali huchukua *-ensis* kwa kiume na kike, na *-ense* kwa jenasi isiyo ya kiume wala ya kike. Ukimheshimu mtu, tia *-i* kwa mwanamume na *-ae* kwa mwanamke. Kujipa jina mwenyewe hakukatazwi, ila hakufanyiki miongoni mwa wenye kazi hii.

Usilitaje jina katika mitandao ya kijamii, muhtasari wa kongamano au tasnifu kabla ya kuchapishwa. Halitahesabiwa kuwa limetolewa rasmi, na linaweza kuzua mkanganyiko ukiwa bado unangoja wahakiki.

## Hatua ya 12: Holotaipu, usajili na uchapishaji

Kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, Kanuni zinadai holotaipu itajwe waziwazi, pamoja na taasisi itakakowekwa na mji ilipo. Taja kielelezo kimoja tu kwa namba yake. Vingine viitwe parataipu. Chagua taasisi inayotunza ethanoli isikauke, na pale kibali kinapotaka holotaipu irudi nchini, tii na uandike hivyo. Kugawa parataipu kati ya taasisi mbili ni kinga dhidi ya moto na mafuriko.

Tangu mwaka 2012, uchapishaji wa kielektroniki unakubaliwa, ila kazi isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka na uthibitisho wa usajili uonekane ndani yake. Andika «spishi mpya» mahali jina linapotokea kwanza kama kichwa. Zootaxa huchapisha bila kumtoza mwandishi asiyetaka makala iwe wazi kwa wote, na European Journal of Taxonomy haitozi mwandishi wala msomaji. Epuka jarida linalokuahidi uhakiki wa siku tatu kwa malipo.

Kwa buibui wakubwa wenye manyoya wa familia ya Theraphosidae, ambao hutafutwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga, toa majira-nukta ya jumla tu na uhifadhi yale kamili kwenye makumbusho.

## Hatua ya 13: Baada ya kuchapishwa

Tuma nakala kwa World Spider Catalog, kwa mamlaka ya msitu ulikokusanya, na kwa walinzi waliokuongoza njiani, ukiambatanisha ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye picha ya buibui akiwa hai. Jina likionekana katika orodha ya Bern chini ya jenasi sahihi, na mwandishi na mwaka vikiwa sawa, kazi imekamilika. Ikiwa baadaye wewe au mwingine atapata jina la zamani zaidi la spishi ileile, lichapishwe andiko fupi linalolirudisha jina hilo la zamani, na holotaipu yako ibaki mahali pake, kwa kuwa ndiyo itakayothibitisha kwamba wawili hao ni mmoja.